Faida Yatoka Wapi? Kisa cha Pesa za Kupanda na Kuvuna



Ndugu msomaji, Ramadhan Karim. Hebu nikuulize jambo. Umetoka taraweh, mko nje ya msikiti mwavaa viatu, na rafiki yako wa tangu madrasa akakushika mkono akakuvuta kando. "Ndugu yangu, nina jambo la kheri, sitaki likupite. Ukiweka elfu kumi leo, baada ya mwezi watoa elfu kumi na tano. Mimi mwenyewe nimeshapokea mara mbili." Kisha akatoa simu akakuonyesha ujumbe wa pesa zilizoingia. Si uwongo, pesa kweli zimeingia. Wewe utafanya nini?

Wengi wetu twasema, ah, mimi siwezi kudanganywa, mimi si mjinga. Makala hii yataka kukuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba waliodanganywa nao hawakuwa wajinga. Walikuwamo polisi, walimu, madaktari, wafanyabiashara, mahujaji na mama wenye hekima zao. Utapeli huu haustawi kwa ujinga wa watu. Unastawi kwa kuaminiana kwao. Ndio maana huingia kwa mlango wa rafiki, wa jamaa, na hata wa mahali pa ibada, na ndio maana kijana wa Kiislamu anafaa aujue mapema.

Mchezo si piramidi

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mama zetu wana mchezo, au upatu kama wengine wanavyouita. Watu 12 wanaojuana, kila mmoja atoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao apokea shilingi 12,000. Mwaka ukiisha, kila mtu ametoa 12,000 na amepokea 12,000. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungukiwa. Hakuna faida hapo, na hakuna aliyeahidiwa faida. Ni kusaidiana tu, na watu wamejengea nyumba na kusomeshea watoto kwa njia hiyo.

Sasa tazama piramidi. Wewe waingia kwa kutoa pesa, na ili upate zaidi ya ulichotoa, ulete watu wengine. Tuseme kila mtu alete watu 6. Ngazi ya kwanza ni 6, ya pili 36, ya tatu 216, ya nne 1,296. Mpaka hapo waona ni jambo linalowezekana. Lakini endelea kuhesabu: ngazi ya saba ni watu 279,936, ya tisa ni zaidi ya milioni 10, na ya kumi ni zaidi ya milioni 60. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Yaani kabla hujamaliza ngazi ya kumi, umewamaliza Wakenya wote, na watoto wachanga ndani. Na siku zote walio wengi kuliko wote ni wale wa ngazi ya mwisho, ambao hawana wa kumleta. Hao ndio wanaopoteza. Hesabu yenyewe imeshaamua kwamba wengi lazima walie, hata kama msimamizi angekuwa mtu mwema.

Kuna na ndugu yake piramidi, ambaye hakwambii ulete mtu. Huyu akwambia, "Wewe nipe pesa tu, mimi nina biashara, nitakuletea faida." Kumbe biashara haipo. Faida unayopewa wewe ni pesa ya aliyekuja baada yako. Huyu ana jina maarufu duniani, na jina hilo ni la mtu aliyeishi.

Boston, mwaka 1920

Mtu mwenyewe aitwa Charles Ponzi. Alizaliwa Italia mwaka 1882, akafika Boston, Marekani, mwaka 1903. Alihangaika huku na huku, akafungwa Canada kwa kughushi hundi, kisha akarudi Boston. Mwanzoni mwa mwaka 1920 akafungua kampuni na kutangaza kwamba atakayempa pesa atapata faida ya asilimia 50 kwa siku 45.

Watu walipouliza faida yatoka wapi, alikuwa na jibu. Wakati huo posta za dunia ziliuza kuponi ndogo ambayo mtu huiweka ndani ya barua, ili aliye nchi nyingine aibadilishe kwa stempu na kujibu bila gharama. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, pesa za Italia zilishuka thamani. Ponzi akasema anazinunua kuponi kwa bei rahisi huko, anazibadilisha Marekani kwa thamani kubwa. Maelezo yenyewe yaliingia akilini, maana tofauti ya bei kweli ilikuwepo. Tapeli mzuri hachukui uwongo mtupu. Huchukua ukweli mdogo akaupakia uwongo mkubwa juu yake.

Wa kwanza kumpa pesa walikuwa wahamiaji wenzake Waitaliano. Alizungumza lugha yao, alijua shida zao. Walipolipwa kwa wakati, wakawaambia jamaa zao. Mwezi wa Februari alipokea dola elfu chache tu. Mwezi wa Julai peke yake zilipita dola milioni 6. Maelfu ya watu walipanga foleni, na polisi wa Boston wengi tu wakawamo. Wengi wakipata faida hawakuichukua. Waliiacha "izae" tena.

Kisha gazeti moja, Boston Post, likaanza kuuliza. Mtaalamu wa mambo ya fedha, Clarence Barron, akapiga hesabu rahisi: kwa pesa alizopokea Ponzi, ingebidi pawe na kuponi milioni 160 zinazozunguka. Zilizokuwepo zilikuwa kama 27,000. Basi. Hesabu moja tu ikamaliza maneno. Watu walipokimbilia ofisini kudai pesa zao, Ponzi akawapa kahawa na maandazi kwenye foleni, akawalipa wengi kwa tabasamu, na wengine wakaona haya wakarudi nyumbani bila kudai. Mwezi wa Agosti 1920 mambo yakaporomoka, akakamatwa, na mwezi wa Novemba akakubali kosa na kufungwa. Alikufa mwaka 1949 huko Rio de Janeiro, Brazil, katika hospitali ya maskini.

Tazama jambo moja hapa, ndugu msomaji. Ponzi alikuwa akilipa. Kulipa kwake ndiko kulikokuwa chambo. Kwa hivyo rafiki yako akikwambia "mimi nimeshapokea," hajakuthibitishia kwamba biashara ipo. Amekuthibitishia kwamba bado wapo watu wanaoingia.

Kairo, miaka ya 1980

Sasa utasema hao ni watu wa Marekani, wanapenda pesa, sisi tuna dini yetu. Basi twende Misri.

Miaka ya 1970 na 1980 Wamisri wengi walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Walikuwa wakituma pesa nyumbani, na wengi wao hawakutaka kuziweka benki kwa kuogopa riba. Nia yao ilikuwa safi. Hapo zikatokea kampuni zilizojiita za kuwekeza kwa njia ya Kiislamu. Iliyovuma zaidi ni Al-Rayan. Wenyewe walikuwa na ndevu na kanzu, maneno yao yalianza kwa bismillahi, na faida waliyolipa ilifika asilimia 24 kwa mwaka na wakati mwingine zaidi, karibu mara mbili ya zilizokuwa zikitoa benki. Waliita hiyo si riba, ni faida ya ushirika.

Mamia ya maelfu ya familia zikaweka akiba zao: pesa za miaka kumi ya jasho la Ghuba, pesa za mahari, pesa za Hija. Watu wakubwa serikalini na wenye majina wakawekwa katika orodha maalumu iliyokuja kujulikana kama "orodha ya baraka," wakipewa faida kubwa kuliko watu wa kawaida, ili wawe ngao. Hebu fikiria, neno tukufu kama baraka likatumiwa kufunika hongo.

Lakini ushirika wa kweli una hesabu wazi, na hapa hesabu hazikuonekana. Pesa nyingi zilipelekwa kuchezewa kamari ya bei za dhahabu na bidhaa katika masoko ya ng'ambo, na faida ikalipwa kutoka kwa amana za wanaoingia. Mwaka 1988 serikali ya Misri ikapitisha sheria nambari 146 ya kudhibiti kampuni hizo, nyingi zikashindwa kuonyesha mali zilipo, na mwenye Al-Rayan, Ahmed al-Rayan, akakamatwa. Alitoka gerezani mwaka 2010, na mwaka 2011 kisa chake kikafanywa tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa mwezi wa Ramadhan. Wenye amana walisubiri miaka na miaka, na wako waliokufa kabla ya kupata haki yao.

Funzo la Misri ni chungu kwetu. Watu hawa hawakuibiwa kwa sababu walipenda dunia kupita kiasi. Wengi waliibiwa wakikimbia haramu. Ndevu, kanzu, tasbihi na neno "Kiislamu" kwenye kibao si hesabu ya biashara. Mwizi anajua mahali tulipoweka imani yetu, na hapo ndipo anapobisha hodi.

Na si Waislamu peke yao. Bernard Madoff wa New York, aliyekamatwa Desemba 2008, aliwaibia sana Wayahudi wenzake, pamoja na mashirika yao ya sadaka. Yeye hakuahidi mara mbili wala mara tatu. Aliahidi faida ya kiasi tu, isiyopanda wala kushuka mwaka nenda mwaka rudi, na akawafikisha watu kuamini kwamba wana dola bilioni 65 ambazo hazikuwepo. Alihukumiwa miaka 150, akafia gerezani mwaka 2021. Kwa hivyo usingoje ahadi ya ajabu ndiyo ushtuke. Hata faida ndogo isiyoshuka kamwe ni dalili, maana biashara ya kweli ina masika na kiangazi.

Albania, nchi nzima yaanguka

Albania ni nchi ya Ulaya yenye Waislamu wengi. Ilikaa miaka mingi chini ya ukomunisti, na ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu hawakuwa na uzoefu wa benki wala wa soko. Benki zenyewe zilikuwa dhaifu. Hapo zikachipuka kampuni za kukusanya pesa, kama Vefa, Gjallica, Sude, Xhafferi na Populli. Wakubwa wa serikali walionekana kwenye hafla zao, na wananchi wakasema, kama si halali, mbona wakubwa wako pale?

Mwaka 1996 mashindano yakawa makali. Populli ikaahidi zaidi ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi wa Novemba Xhafferi ikaahidi kuzidisha pesa mara tatu kwa miezi mitatu. Sude ikajibu: mara mbili kwa miezi miwili. Watu wakauza nyumba wakaenda kupanga. Wakulima wakauza ng'ombe na kondoo wao. Katika nchi ya watu kama milioni 3, theluthi mbili hivi waliweka pesa, na madeni ya kampuni hizo yakafika dola bilioni 1.2, karibu nusu ya pato la taifa kwa mwaka.

Sude ilishindwa kulipa Novemba 1996, na Januari 1997 ikafilisika pamoja na Gjallica. Watu wakamiminika barabarani. Kufikia Machi serikali ilikuwa imepoteza mamlaka katika sehemu za kusini, maghala ya silaha yakavunjwa, na bunduki kwa mamia ya maelfu zikaingia mikononi mwa raia. Watu kama 2,000 waliuawa. Serikali ikaanguka, na majeshi ya nchi za nje yakiongozwa na Italia yakaja kutuliza hali. Yote hayo yalianza na neno tamu: weka leo, vuna kesho.

Nyumbani: Kenya na Tanzania

Sisi nasi tulikuwa na zamu yetu. Miaka ya 2006 na 2007 Kenya ilijaa kampuni za namna hii, mijini na mashambani. Zilijiandikisha kama kampuni za kawaida au miradi ya kuinua jamii, zikapanga ofisi nzuri, zikaweka vijana waliovaa tai. Mojawapo ya kubwa kabisa iliitwa DECI. Habari zilisafiri makanisani, kazini, katika vyama vya kina mama na baina ya walimu. Watu wakachukua mikopo ya SACCO na benki wakaipeleka huko. Wengine wakauza mashamba.

Zilipoanguka, serikali iliunda jopo la kuchunguza. Ripoti yake ya mwaka 2009 ilitaja miradi 270, na Wakenya zaidi ya 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Hao ni wale waliojitokeza. Wako walionyamaza kwa aibu, na wako ambao mpaka wanaingia kaburini mke hakujua mume amepeleka wapi pesa za karo.

Watu walishangaa, serikali ilikuwa wapi? Jibu moja ni hili: kampuni ikiandikishwa haimaanishi imepewa leseni ya kupokea amana za watu. Cheti cha kuandikishwa ni kama cheti cha kuzaliwa. Chasema umezaliwa, hakisemi wewe ni daktari. Wengi waliona cheti ukutani wakatulia.

Jirani zetu Tanzania hawakusikia kilio chetu kwa wakati. DECI ya huko ilivuma hadi mwaka 2009 serikali ilipoingilia. Wanachama waliambiwa "wapande mbegu" kisha "wavune," maneno matamu kwa watu wa shamba na wa ibada. Viongozi wake walishtakiwa, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani. Lakini wewe mwenyewe fikiri. Mbegu ya mahindi hukaa ardhini, hunyeshewa, hupaliliwa, na kuna mwaka hukauka. Mbegu isiyokauka kamwe haijawahi kuumbwa.

Leo mambo yamehamia kwenye simu. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilijiita sarafu ya kidijitali, ikachukua zaidi ya dola bilioni 4 kote duniani, na Uganda ikiwemo. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017. Jina jipya, kisa ni kile kile cha kuponi za Boston. Jana ilikuwa stempu, leo ni sarafu ya mtandaoni au programu ya "kutazama matangazo ulipwe." Kesho watakuja na kingine.

Dini yetu yasemaje

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kulana mali zetu kwa batili, akaruhusu biashara ya kuridhiana. Maridhiano yataka ujue unachoridhia. Mtu aliyefichwa ukweli hajaridhia.

Mwaka 1425 Hijria, sawa na 2004, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliulizwa kuhusu kampuni za kuuza bidhaa kwa mtindo wa piramidi. Ikajibu kwamba ni haramu, kwa sababu ndani yake kuna riba, kuna gharar, kuna udanganyifu na kuna kula mali za watu kwa batili. Na bidhaa inayouzwa, ikasema, ni pazia tu. Kwa hivyo usiseme "sisi si piramidi, sisi tuna sabuni na dawa." Jiulize: watu wanainunua sabuni kwa sababu ni sabuni, au kwa sababu ndio tiketi ya kuingilia?

Na tazama mudharaba, ushirika uliokuwepo tangu kabla ya Uislamu na ambao Mtume wetu (s.a.w.) aliujua alipofanya biashara na mali ya Bi Khadija (r.a.). Mmoja atoa mtaji, mwingine atoa kazi, faida wagawana kwa fungu walilokubaliana. Hasara ikitokea bila uzembe, mtaji ndio unaoumia. Hakuna anayeruhusiwa kumhakikishia mwenzake faida ya kiasi maalumu. Basi hapa ndipo penye kipimo kikubwa cha makala yote: biashara ya halali hukwambia waweza kupata hasara. Anayekwambia "hakuna hasara hapa," ama hajui biashara, ama anakuficha jambo.

Kisha kuna hili la kuona haya. Twaogopa kuuliza kwa sababu aliyetuletea ni sheikh, ni mjomba, ni rafiki. Tukiuliza tutaonekana hatumwamini. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, yahusu nini? Yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Iliwashukia Masahaba, watu walioaminiana kuliko sisi. Ikiwa wao waliamrishwa kuandika, wewe waona haya ya nini? Kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Kuuliza ni amri.

Maswali ya kuuliza

Likikujia jambo la namna hii, uliza haya, na usitoe hata shilingi mpaka ujibiwe.

Kwanza, faida yatoka wapi? Si jina la biashara tu. Nani ananunua nini, wapi, kwa bei gani? Kama jibu ni "ni mfumo," au "utaelewa ukiingia," ondoka.

Pili, ikiwa kuanzia kesho hakuna mtu mpya anayeingia, mtaendelea kunilipa? Swali hili peke yake latosha kumtoa mtu jasho.

Tatu, nani amewapa leseni? Benki Kuu ya Kenya ina orodha ya benki na taasisi ilizozipa leseni. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina ya kwake, na SASRA ina orodha ya SACCO zinazoruhusiwa kupokea amana. Orodha hizo ni wazi kwa kila mtu. Tazama mwenyewe, usionyeshwe karatasi.

Nne, kwa nini haraka? "Mwisho ni leo," "nafasi zimebaki tatu." Biashara nzuri haiogopi mtu alale juu yake usiku mmoja na kuswali istikhara.

Tano, naweza kutoa pesa zangu zote leo? Ukiambiwa subiri, au lipa kwanza ada ndipo utolewe, ujue nyumba imeshaanza kuungua.

Na wewe uliyevuna mapema?

Hapa nataka tuzungumze na mtu ambaye makala nyingi humsahau. Ni yule aliyeingia mwanzo, akapata zake, akatoka salama, na leo asema, "Mimi ilinilipa." Ndugu yangu, ilikulipa kwa mfuko wa nani? Hakukuwa na shamba wala duka. Kila shilingi uliyozidishiwa ilitoka kwa mtu aliyekuja nyuma yako, na huenda wewe mwenyewe ndiye uliyemshika mkono nje ya msikiti.

Hata mahakama za dunia zimeliona hili. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wale waliowahi kuchukua pesa zao kwa Ponzi siku zile za mwisho wazirudishe, ili wote walioibiwa wagawane sawasawa. Na hao walikuwa wamechukua zao tu! Je, aliyechukua za mwenzake? Ikiwa hali yako ni hii, mwezi huu wa toba ndio wakati wake. Nenda kwa sheikh mwenye elimu, mweleze ukweli wote, na umtafute uliyemwingiza. Pengine huwezi kumlipa yote. Anza na kumwomba msamaha, na kumrudishia unachoweza.

Na wewe uliyepoteza, usinyamaze kwa aibu. Kunyamaza kwako ndiko kunakompa tapeli mtaa wa pili. Piga ripoti polisi, waambie vijana msikitini, mwambie mkeo, mwambie mumeo. Aibu ni ya mwizi.

Basi usiku mwenzako akikuvuta kando baada ya taraweh, usimtukane wala usimkimbie. Huenda yeye mwenyewe yumo mtegoni na hajui. Muulize kwa upole: "Ndugu yangu, faida yatoka wapi?" Kaeni chini mpige hesabu pamoja, kama alivyopiga Barron. Huenda swali lako likamwokoa yeye kabla ya kukuokoa wewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali, hata ikiwa ndogo, na atulinde tusiwe wenye kudhulumu wala wenye kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.